Sayari Iliyoonekana na Sayari Isiyokuwako

Jiwe likirushwa juu hurudi chini, na embe likiiva huanguka chini ya mwembe wake. Mambo haya huonekana kila siku hata hayamshangazi mtu. Lakini mwezi, ambao ni mkubwa kuliko milima yote ya dunia, hukaa angani usiku baada ya usiku pasipo kuanguka. Na dunia yenyewe, pamoja na bahari zake na miji yake, hulizunguka jua mwaka hata mwaka pasipo kamba ya kuifunga wala nguzo ya kuitegemeza. Kwa nini kitu kidogo huanguka na kikubwa kisianguke? Swali hili liliwasumbua wenye hekima kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Jibu lake lilichapishwa London mwaka 1687, nalo lilikuwa la ajabu kuliko swali: mwezi pia huanguka, kama embe liangukavyo, ila haufiki chini.

Jibu hilo ndilo sheria ya mvutano. Sheria ya namna hii haithibitiki kwa kusifiwa, bali kwa kutahiniwa. Katika karne ya 19 ilitiwa katika mitihani miwili mikubwa, na Mfaransa mmoja, Urbain Le Verrier, alikuwa msimamizi wa yote miwili. Katika mtihani wa kwanza alionyesha mahali pa sayari ambayo hakuna mtu aliyeijua. Katika mtihani wa pili alitafuta sayari ambayo haikuwako kamwe. Njia aliyoifuata ilikuwa moja, na akili aliyoitumia ilikuwa ile ile. Lakini mara ya kwanza ilimpeleka kwenye kweli, na mara ya pili ikampeleka kwenye kivuli. Habari ya mitihani hiyo yafaa kujulikana na kila mtu apendaye elimu.

Watu wa kale walizijua sayari tano zionekanazo kwa jicho tupu: Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Majina hayo yaliingia katika Kiswahili kutoka katika Kiarabu, lugha ambayo kwa karne nyingi ilihifadhi na kukuza elimu ya falaki. Wengi waliamini kwamba dunia imetulia katikati na kwamba vyote vingine huizunguka. Mwaka 1543 kilitoka kitabu cha Nicolaus Copernicus wa Poland kilichoweka jua mahali pa dunia, na dunia mahali pa sayari. Lakini Copernicus hakuiacha imani moja ya kale, kwamba miendo ya mbinguni lazima iwe ya miduara.

Aliyeiacha imani hiyo ni Johannes Kepler, na aliyemlazimisha kuiacha ni maiti. Tycho Brahe wa Denmark alikuwa amepima mahali pa sayari kwa miaka mingi, kwa macho yake na kwa vyombo vikubwa vya kulengea, maana darubini ilikuwa haijatumiwa katika kazi hiyo. Alipokufa mwaka 1601 vipimo vyake vilibaki mikononi mwa Kepler, msaidizi wake. Kepler alijaribu kuipatanisha Mirihi na miduara, akakaribia sana kufaulu. Ila palibaki tofauti ya dakika 8. Dakika hizi si za saa. Duara hugawanywa katika digrii 360, digrii katika dakika 60, na dakika katika sekunde 60. Na dakika 8 za mbinguni ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mvivu angalisema kwamba Brahe alikosea kupima. Kepler alijua kwamba Brahe hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho, kwa hiyo aliutupa mduara akakiheshimu kipimo. Mwaka 1609 alitangaza kwamba njia ya sayari ni duaradufu, yaani umbo kama la yai, na kwamba jua halikai katikati yake, bali kando kidogo. Sayari ikaribiapo jua huenda mbio, na iwapo mbali hupunguza mwendo. Mwaka 1619 aliongeza kanuni ya tatu, inayofunga muda wa mzunguko na umbali: Utaridi, iliyo karibu, humaliza mzunguko kwa siku 88, na Zohali, iliyo mbali, huhitaji zaidi ya miaka 29. Kepler alieleza namna ya mwendo. Sababu yake hakuipata.

Mwezi wa Agosti 1684 Edmond Halley alikwenda Cambridge kumwuliza Isaac Newton swali moja. Ikiwa jua huvuta sayari kwa nguvu inayopungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, je, sayari itapita katika njia ya umbo gani? Newton alijibu kwamba itapita katika duaradufu, na kwamba hesabu yake amekwisha kuipiga. Karatasi ilipotafutwa haikuonekana, ndipo akaahidi kuiandika upya. Kazi ikakua hata ikawa kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1687, na Halley mwenyewe akalipa gharama za kukichapa. Ukiona vyaelea, vimeundwa: chini ya sheria ile palikuwa na usingizi uliopotea wa Brahe, na uaminifu wa Kepler kwa dakika 8.

Maana ya sheria si ngumu kusema. Kila kitu chenye maada huvuta kila kitu kingine. Maada ikizidi, mvutano huzidi. Umbali ukizidi, mvutano hupungua. Umbali ukiwa mara mbili, mvutano hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Mwezi uko mbali na kiini cha dunia mara 60 kuliko embe lililo mtini, basi mvutano wa dunia huko juu ni sehemu moja tu ya 3,600. Embe huanguka mita 4.9 katika sekunde yake ya kwanza. Mwezi, katika sekunde moja, huanguka kiasi cha milimita 1.4. Lakini katika sekunde hiyo hiyo mwezi huwa umekwenda kilomita moja hivi kwa ubavu. Kuanguka huipinda njia yake, na mwendo wa ubavu huuepusha usiigonge dunia. Mambo mawili haya yakienda pamoja, mwezi huzunguka. Pasipo mvutano ungalikwenda zake moja kwa moja usirudi tena. Pasipo mwendo ungalianguka kama jiwe. Ndivyo ilivyo baina ya sayari na jua.

Wavuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakungoja kitabu hicho ili wajue kwamba mwezi una amri juu ya bahari. Tangu zamani walijua kwamba maji ya bamvua huja mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na kwamba maji mafu huja kati ya siku hizo. Newton alitoa sababu. Jua na mwezi vyote viwili huvuta bahari. Vikiwa katika mstari mmoja na dunia, nguvu zao husaidiana, na vikivuta kutoka pande mbili zilizopishana, nguvu zao hupunguzana. Nguvu ishikayo sayari katika njia zake ndiyo ile ile iinuayo ngalawa iliyolala mchangani.

Walakini katika maneno "kila kitu huvuta kila kitu" mlikuwamo taabu kubwa. Kama jua peke yake lingalivuta, kila sayari ingalipita katika duaradufu ile ile milele. Lakini sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe. Mushtari ina maada pungufu ya sehemu moja ya elfu ya maada ya jua, na hata hivyo yatosha kuisukasuka Zohali na jirani zake wengine. Wahesabuji wa karne ya 18, hasa wa Ufaransa, walitumia umri wao kupima misukosuko hiyo na kuitilia hesabu, wakatunga majedwali ya kubashiri mahali pa kila sayari kwa miaka ijayo. Hapo sheria ya mvutano ikawa kama mizani ya mfanyabiashara. Vitu vyote vikiisha kupimwa, hesabu haina budi kutimia. Isipotimia, basi ama dukani mna kitu kisichoandikwa katika daftari, ama mizani yenyewe ina kasoro. Mwenye duka hawezi kujua ni lipi kwa kuitazama hesabu peke yake.

Hesabu ya kwanza iliyokataa kutimia ilikuwa ya Uranusi. Sayari hii iligunduliwa na William Herschel, mwanamuziki aliyekaa Bath katika Uingereza, usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Ilionekana baadaye kwamba watu walikuwa wameiona kabla yake, wakaiandika kuwa nyota. Uranusi hulizunguka jua kwa miaka 84, kwa hiyo maandishi hayo ya kale yalikuwa hazina kwa mpiga hesabu. Lakini Alexis Bouvard alipotunga jedwali lake mwaka 1821 hakuweza kuyapatanisha ya kale na mapya. Aliyaacha ya kale, akayategemea mapya. Haikusaidia, baada ya miaka michache sayari ilianza kulihalifu jedwali jipya pia, na kufikia katikati ya miaka ya 1840 kosa lilikuwa limezidi dakika moja.

Kosa hilo lilikuwa dogo kuliko lile lililomkataza Kepler usingizi, lakini lilitosha kuwagawa wataalamu. Wengine walishuku mizani. Yamkini, walisema, mvutano wa jua haufuati sheria ile ile mbali sana na jua. George Airy, mkuu wa falaki wa serikali ya Uingereza, alikuwa mmoja wa waliolifikiri jambo hilo. Wengine walishuku daftari: yamkini iko sayari nyingine, mbali kuliko Uranusi, isiyojulikana, nayo huivuta mwenziwe mbele na nyuma.

Watu wawili, pasipo kujuana, walishika kazi ya kuitafuta sayari hiyo kwa kalamu. John Couch Adams, kijana wa Cambridge, aliacha karatasi ya matokeo yake nyumbani kwa Airy, Greenwich, mwezi wa Oktoba 1845. Airy alimwandikia swali, Adams hakulijibu, na jambo likalala. Le Verrier, aliyezaliwa Saint-Lô mwaka 1811, aliifanya kazi yake hadharani mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris, akatoa matokeo mwezi wa Juni na mwezi wa Agosti 1846. Airy aliposoma tangazo la Juni aliona jinsi linavyokubaliana na karatasi ya Adams, ndipo akamhimiza James Challis wa Cambridge atazame. Challis alianza mwisho wa Julai. Katika Agosti aliiandika sayari yenyewe mara mbili pasipo kuitambua, kwa sababu hakulinganisha maandishi ya siku moja na ya siku nyingine mapema.

Le Verrier hakupata Mfaransa wa kuinua darubini kwa ajili yake. Tarehe 18 Septemba 1846 alimwandikia Johann Galle wa kituo cha falaki cha Berlin, akamtajia mahali pa kutazama. Barua ilifika tarehe 23. Usiku huo huo Galle alikaa kwenye darubini, na mwanafunzi wake Heinrich d'Arrest, aliyetoa shauri zuri la kutumia ramani mpya ya nyota, akaishika ramani. Galle alitaja nyota moja moja, d'Arrest akaitafuta kila moja ramanini. Haukupita muda mrefu Galle akataja nyota ambayo ramanini haikuwamo. Ilikuwa karibu na mahali alipopataja Le Verrier, kwa tofauti isiyofika digrii moja. Usiku wa pili ilikuwa imesogea. Sayari ilikuwa imepatikana, nayo ikaitwa Neptuni.

Ni vigumu leo kufahamu jinsi jambo hilo lilivyoutikisa ulimwengu wa elimu. Mtu aliyeketi chumbani Paris alikuwa amekiona kitu kilicho mbali kiasi cha kilomita 4,500,000,000, ambacho jicho lake halikupata kukitazama, kwa nguvu ya hesabu peke yake. Waliokuwa wakiishuku sheria ya mvutano walinyamaza. Mizani ilikuwa sawa. Daftari ndilo lililopungukiwa.

Lakini ndani ya ushindi huo palikuwa na onyo ambalo wachache walilisikiliza. Adams na Le Verrier wote wawili walikuwa wamekisia umbali wa sayari kwa kanuni ya namba iliyokuwa ikisifiwa siku zile, wakauweka mbali mno. Neptuni ilipopimwa ilionekana iko mbali na jua mara 30 kuliko dunia, si mara 36 au 38 kama walivyokisia. Njia waliyoichora haikuwa njia ya Neptuni; ila katika miaka ile njia mbili hizo zilielekea upande mmoja wa anga, kwa kuwa Uranusi ilikuwa imepitana na Neptuni karibu na mwaka 1822 na kuvutwa zaidi wakati huo. Benjamin Peirce wa Harvard alithubutu kusema kwamba ugunduzi ule ulikuwa ajali njema. Neno hilo lilikuwa kali kupita kiasi, kwa sababu mvutano wa sayari isiyojulikana ulikuwa wa kweli. Hata hivyo lilikuwa na chembe ya haki: sheria ilikuwa imeshinda, na bahati ilikuwa imesaidia.

Le Verrier alipanda cheo, na mwaka 1854 akafanywa mkuu wa kituo cha falaki cha Paris. Aliazimu kuzipitia hesabu za sayari zote upya, moja baada ya moja. Zote zilitimia au zilikaribia kutimia, isipokuwa ile iliyo karibu kuliko zote na jua. Utaridi hupita katika duaradufu ndefu kuliko sayari nyingine: mara huwa kilomita milioni 46 tu kutoka kwenye jua, mara hufika milioni 70. Tena duaradufu yenyewe haikai mahali pamoja. Hugeuka polepole, hata ile ncha ikaribiayo jua ikasogea mbele karne kwa karne. Sehemu kubwa ya kusogea huko hutokana na mvutano wa Zuhura, Mushtari, dunia na sayari nyingine, nayo ilikuwa imehesabiwa. Mwaka 1859 Le Verrier alitangaza kwamba baada ya kuondoa yote hayo palibaki ziada ya sekunde 38 kwa kila miaka mia. Simon Newcomb wa Marekani aliipima upya mwaka 1882 akapata 43.

Sekunde 43 kwa karne ni kitu kidogo mno. Kwa mwendo huo ncha ya njia ya Utaridi ingehitaji zaidi ya miaka 8,000 kusogea digrii moja. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na Utaridi ilikuwa imeandikwa ikipita mbele ya uso wa jua tangu karne ya 17. Vipimo hivyo vilikuwa vizuri, wala havikuweza kulaumiwa.

Ni ajabu gani basi ikiwa Le Verrier aliikumbuka Neptuni? Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, naye mbacha wake ulikuwa umemfaa vizuri. Alipima kwanza kama Zuhura yaweza kuwa nzito kuliko ilivyodhaniwa, akaona kwamba uzito huo ungeivuruga njia ya dunia, akalikataa shauri hilo. Ndipo akasema kwamba ndani ya njia ya Utaridi lazima iwemo sayari nyingine, au kundi la vitu vidogo, visivyoonekana kwa sababu ya mwangaza wa jua. Hoja yake ilikuwa halali. Ilikuwa hoja ile ile ya mwaka 1846, tena safari hii ilitoka kwa mtu mwenye ushahidi kwamba hoja kama hiyo huzaa matunda.

Haikuchukua muda akapata shahidi. Edmond Lescarbault, tabibu wa kijiji cha Orgères, aliandika kwamba tarehe 26 Machi 1859 aliona doa jeusi la mviringo likikatiza uso wa jua. Le Verrier alimwendea siku ya mwisho ya mwaka huo pasipo kumwarifu, akamhoji kwa ukali. Alimkuta mtu asiye na vyombo vya fahari: saa yake haikuwa na mshale wa sekunde, alihesabu sekunde kwa kidude kilichoning'inizwa kwa uzi, na hesabu zake alikuwa ameziandika juu ya ubao. Le Verrier aliridhika. Mwezi uliofuata tabibu alipewa nishani ya serikali ya Ufaransa, na sayari ikapewa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Ila Mfaransa mwingine, Emmanuel Liais, aliyekuwa Brazil, alisema kwamba saa zile zile alikuwa akilitazama jua kwa darubini bora, wala hakuona doa lolote.

Hivyo ilianza miaka ya kutafuta. Kila mara doa dogo lilionekana juani mahali fulani, na kila mara likatoweka kabla ya kuthibitishwa. Le Verrier alibashiri kwamba Vulcan huenda ikapita mbele ya jua tarehe 22 Machi 1877. Watazamaji wakakaa tayari, na jua likabaki safi. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo, miaka 31 kamili tangu usiku wa Berlin, akiwa bado anaamini. Jua lilipopatwa Marekani tarehe 29 Julai 1878, watu wawili wenye sifa, James Craig Watson na Lewis Swift, walisema wameona nyota ngeni karibu na jua. Lakini mahali walipopataja hapakupatana, na wenzao waliotazama siku hiyo hiyo hawakuona kitu. Baadaye sahani za picha zilichukua mahali pa macho; zikapigwa wakati jua limepatwa, na Vulcan haikuwamo.

Sasa lile shauri jingine, la kushuku mizani, likarudi. Mwaka 1894 Asaph Hall alisema kwamba mambo yangetimia kama mvutano usingepungua kwa mraba kamili wa umbali, bali kwa namba iliyozidi 2 kidogo sana, yaani 2.00000016. Lakini kiraka hicho hakikukubaliana na mwendo wa mwezi, tena hakikuwa na sababu nyuma yake ila haja ya kuziba tundu. Kuligonga bamba la mizani kwa nyundo mpaka hesabu itimie siko kuitengeneza mizani.

Mizani iligeuzwa na mtu ambaye hakuanza na Utaridi. Albert Einstein alikuwa akitafuta kuipatanisha nguvu ya mvutano na jambo ambalo yeye mwenyewe alilionyesha mwaka 1905, kwamba hakuna athari iwezayo kusafiri upesi kuliko nuru. Kwa Newton, mvutano hufika papo hapo, umbali uwao wote. Baada ya taabu ya miaka minane Einstein alifikia fikira mpya: maada huvipinda nafasi na wakati vinavyoizunguka, na sayari hufuata njia iliyonyoka kuliko zote katika nafasi iliyopindwa. Mbali na jua, fikira hiyo hutoa karibu majibu yale yale ya Newton. Karibu na jua, majibu hutofautiana kidogo. Tarehe 18 Novemba 1915, mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia, Einstein alitoa hesabu ya Utaridi. Ziada ilikuwa sekunde 43 kwa karne, pasipo sayari mpya na pasipo kiraka. Alimwandikia rafiki yake kwamba kwa siku kadhaa alikuwa hajitambui kwa furaha. Mji ulioiona Neptuni ndio ulioifuta Vulcan.

Ushahidi wa pili ulitafutwa upesi. Ikiwa jua hupinda nafasi, basi nuru ya nyota ipitayo karibu nalo yapasa kupindika sekunde 1.75, mara mbili ya kiasi kilichopatikana kwa kuifuata hesabu ya Newton. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Waingereza wakapeleka misafara miwili: mmoja Sobral katika Brazil, na mwingine, wa Arthur Eddington, katika kisiwa cha Príncipe, kando ya pwani ya magharibi ya Afrika. Mawingu yaliwasumbua watu wa Príncipe na picha zao nzuri zilikuwa chache. Za Sobral zilikuwa bora. Tarehe 6 Novemba mwaka huo matokeo yalitangazwa London, katika mji ule ule uliokichapa kitabu cha Newton, nayo yaliielekea hesabu ya Einstein.

Isidhaniwe kwamba Newton alitupwa. Chombo cha Voyager 2, kilichoondoka duniani mwaka 1977 na kupita kando ya Neptuni tarehe 25 Agosti 1989, kiliongozwa katika safari hiyo ndefu kwa hesabu zilizojengwa juu ya sheria yake, na bamvua la kesho hubashiriwa kwa sheria hiyo hiyo. Lakini saa zilizomo katika satelaiti za kuonyeshea njia hukimbia mbele ya saa za duniani kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, kama Einstein alivyofundisha. Zisiposahihishwa, simu ya msafiri ingemwonyesha mahali asipokuwapo kwa kilomita nyingi. Sheria ya kale hutawala katika mipaka yake, na mipaka hiyo ilionyeshwa na zile sekunde 43.

Katika habari hii ni rahisi kumcheka Le Verrier na Vulcan yake, lakini kicheko hicho si haki. Alifanya jambo alilopaswa kufanya. Mtu akiona hesabu haitimii, busara ni kutafuta kwanza kitu kilichosahauliwa kabla ya kuivunja mizani iliyopima mengi kwa haki. Kosa halikuwa katika kuikisia sayari. Lilikuwa katika kuendelea kuiamini ilipokataa kuonekana. Dhana njema huomba kutazamwa. Neptuni ilitazamwa usiku mmoja ikaonekana. Vulcan ilitazamwa miaka hamsini haikuonekana. Tofauti ya mbili hizo haikuwa katika uzuri wa hoja, bali katika jibu la anga.

Wala jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona kwamba makundi ya nyota yaliyo mbali sana huenda mbio kuliko mvutano wa maada ionekanayo uwezavyo kuyazuia. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake walipima mzunguko wa nyota zilizo pembeni mwa makundi kama hayo, wakakuta tatizo lile lile. Wataalamu wengi husema kwamba iko maada ya giza isiyotoa nuru, kubwa kuliko yote ionekanayo. Wengine wachache, tangu Mordehai Milgrom alipoandika mwaka 1983, husema kwamba sheria ya mvutano yenyewe hubadilika mahali ambapo mvutano ni dhaifu mno. Wale wa kwanza husimama na Neptuni, hawa wa pili husimama na Utaridi, na kila upande una ushahidi wa historia mkononi. Maada hiyo hutafutwa kwa vyombo vilivyozikwa chini ya milima, na mpaka hapa hakuna chombo kilichoikamata. Jibu litakapokuja litatoka mahali yalipotoka majibu yale mawili ya kwanza: katika kipimo kilichofanywa kwa uaminifu, na katika mtu aliyekubali kukisikiliza.